Vidole Viwili vya Mwisho

Katika jiji la Kisangani wako wengi wanaocheza biliadi, lakini anayejua kwa nini mpira mweupe huenda unakokwenda ni mmoja. Mtu huyo ni mimi, na sioni sababu ya kuona haya kulisema. Niliondoka Lubunga, ng'ambo ya mto, nikiwa na suruali niliyoivaa na nyingine ndani ya mfuko wa nailoni. Kampala nilifagia korido za hoteli mchana, nikasoma jioni mpaka nikapata diploma ya ufundi mitambo. Katika hoteli ile ile kulikuwa na chumba ambamo wageni walicheza snuka, ile biliadi ya meza kubwa na mipira midogo, na humo nilijifunza mpaka wageni wenyewe wakawa wananiomba niwaonyeshe.

Nilirudi na diploma na meza. Meza ya kweli, yenye mawe bapa chini ya kitambaa, ilikuja vipande vipande juu ya lori. Karibu na Bafwasende lori lilizama kwenye tope, nami nikalala juu ya mawe yale kama kuku aliyelalia mayai, kwa sababu nilijua hakuna mwingine barabarani aliyejua thamani yake. Leo meza iko katika ukumbi wangu, na diploma iko ukutani ndani ya kioo, mahali ambapo mchezaji akiinua kichwa baada ya kukosa ataiona.

Wanafunzi wangu nawaambia hivi: mkono ni mtambo. Bega ni nguzo, kiwiko ni bawaba, na kuanzia kiwiko kushuka chini ni timazi inayoning'inia. Kifundo cha mkono kazi yake ni kutulia. Fimbo ishike kama unavyoshika kwanga, mkate wetu wa muhogo, iliyotolewa sasa hivi kwenye sufuria, ikiwa bado ndani ya majani yake: isikuponyoke, na isikuunguze. Ukiibana, kifundo kitakakamaa, kikikakamaa kitageuka, kikigeuka, ncha ya fimbo itaupiga mpira mweupe ubavuni, nao utakwenda kwa jirani.

Kisha nawapa zoezi la chupa. Nalaza chupa tupu ya bia juu ya meza, mdomo ukielekea kwangu, naingiza ncha ya fimbo ndani ya shingo yake na kuitoa, mara nyingi, bila kugusa kioo. Mkono ulionyooka haupigi kelele. Kwa miaka yote ya kufundisha, chupa yangu haikuwahi kulia.

Siku ilipolia ilikuwa alasiri, jua kali, mlango wazi. Nilikuwa nimemaliza kupiga kitambaa cha meza pasi ya makaa, maana unyevu wa mto wetu hukifanya kizito kama shuka iliyoloa. Wanafunzi walikuwa wamesimama kunizunguka. Nikaingiza fimbo, na ilipofika mwisho wa safari yake, kioo kikasema: ting.

Nikacheka. Nikarudia. Ting.

"Kocha," akasema mtu mmoja kutoka kwenye benchi, "chupa iko inakuita."

Huyo alikuwa mpinzani wangu, mfanyabiashara kutoka Butembo, mwenye duka la jumla la mchele na chumvi. Ni mtu wa milimani, wa misa ya kila alfajiri, mwenye tumbo la heshima na subira ya kuudhi. Hucheza polepole kama anayepima chumvi. Mimi humwita Patron, yaani bosi, naye huniita Kocha, na sote tunajua hakuna heshima ndani yake.

"Chupa ya leo iko na shingo nyembamba, Patron," nikamjibu.

"Bon. Hapa chini chupa inasema, pale juu diploma inasema. Banafunzi basikilize gani?"

Watu wakacheka, nami nikacheka pamoja nao, lakini nilikuwa nimeona jambo. Kelele haikuja mwanzoni wala katikati. Ilikuja mwisho kabisa, kila mara, wakati mimi nilikuwa nimeshamaliza kupiga. Kana kwamba kuna mtu alikuwa amesubiri kwa adabu nimalize kazi yangu, ndipo naye afanye yake.

Lazima nieleze kwa nini jambo hili halikuwa dogo. Sisi wachezaji wa jiji tulikuwa tumekubaliana kupeleka kundi Kinshasa kwenye mashindano, na kundi lilihitaji mkuu wake. Baada ya mechi nyingi tulibaki wawili, mimi na Patron. Jumamosi, wiki mbili mbele, ingeamua. Kama ningeshindwa, ningekaa Kisangani na diploma yangu na meza yangu, huku kundi nililolifundisha kushika fimbo likiongozwa na muuza chumvi.

Wote walipokwenda, niliweka simu juu ya kiti nyuma yangu, nikajipiga video. Simu ilinasa sehemu ndogo tu: mkono wangu wa kulia kuanzia kiwiko, fimbo, na kipande cha suruali. Niliutazama mkono ule ukivuta fimbo nyuma, vizuri. Ukatulia, vizuri. Ukaenda mbele bila haraka. Halafu mwishoni kabisa kifundo kikageuka kuelekea nje, taratibu, kama mtu anayerudisha kitasa cha mlango ili waliolala wasiamke.

Nilitazama tena na tena. Kilichonikausha mate ni kwamba mkononi sikuwa nimehisi kitu. Kwangu mimi, mkono ulikuwa umenyooka.

Mtu wa mitambo hababaiki. Mtambo ukiyumba unaufunga. Nikachukua rula ya mbao, nikaifunga kwa bendeji kutoka kiganja hadi katikati ya mkono, nikapiga. Mpira mweupe ukaenda kwa jirani. Nilipofungua bendeji, rula ilikuwa imepasuka kwa urefu, nami sikuwa nimetumia nguvu hata ya kuua mbu. Kiganja kilikuwa cha baridi na kimelowa, wakati mkono wa kushoto ulikuwa mkavu na wenye joto kama kawaida. Nikakinusa. Kilinuka tope la ukingoni, pale mitumbwi inapofungwa. Nikajiambia ni jasho, nikanawa kwa sabuni, na sikukinusa tena.

Shangazi yangu, dada mdogo wa baba, bado anaishi Lubunga. Huvuka kwa mtumbwi na kuniletea samaki wa moshi, maana anaamini kwamba mtu aliyeishi Kampala hawezi kula vizuri. Alinikuta nimekaa mlangoni nikitazama ile video. Akaweka kapu chini, akainama juu ya bega langu.

"Yaya ulimupata wapi?" akauliza.

Yaya ndivyo tunavyomwita mkubwa wetu wa kuzaliwa. Yeye alikuwa na yaya mmoja tu, baba yangu.

"Yaya gani, Tantine?"

"Papa yako. Huyu hapa. Nani alimupiga video?"

"Tantine, huyu ni mimi. Ni mukono yangu."

"Mukono yako ninaijua, niliiosha ungali mutoto. Hii haiko yako." Akagusa kioo cha simu kwa ncha ya kidole. "Ona. Anachelewa kidogo, njo anageuza. Bantu bote ba Yanonge banageuza kafi, lakini yeye peke yake alikuwa anachelewa vile."

Hapo nikaelewa ninachokitazama. Familia yetu ni ya mtoni, kutoka Yanonge, na baba alivusha watu kati ya Lubunga na jiji. Mpiga kafi husimama nyuma ya mtumbwi, na kafi hulipiga upande mmoja tu. Mtumbwi ungezunguka kama mbwa anayetafuta mkia wake, isipokuwa mpigaji mwishoni mwa kila pigo hugeuza kifundo nje, na ubapa wa kafi hurekebisha njia. Kwa watu wetu, kugeuza kifundo ndiko kwenda sawa. Juu ya meza ya snuka, kugeuza kifundo ndiko kupotea. Lakini mimi niliondoka mtoni nikiwa mdogo, na kafi sijalishika tangu mto umchukue baba. Hakuna aliyenifundisha kuchelewa vile.

Baba hakupatikana. Mtumbwi ulipatikana, abiria walipatikana wakiwa hai, yeye hapana. Hatuna hata picha yake. Zilizokuwepo zilipotea pamoja na nyumba yetu ya zamani.

Kuanzia siku ile shangazi hakukosa. Kila alasiri alivuka, akaingia ukumbini, akachukua kiti na kukiweka upande wa kulia wa meza, mahali ninaposimama kupiga, karibu kiasi kwamba nilihisi pumzi yake kwenye kiwiko. Mimi hakunisalimu. Alisalimia mkono.

"Yaya, umekula?" alinong'ona nilipokuwa nainama. Nilipovuta fimbo nyuma alinyamaza, na kifundo kilipogeuka aliitikia kwa koo, "Mm," kama mtu aliyejibiwa. Alimsimulia yaya wake nani amezaa, nani amehamia Isangi, mihogo ya nani imeharibika. Alimuuliza kama kule maji ni ya baridi. Baada ya swali hilo niliweka fimbo chini na kutoka nje, nikasimama juani.

Wachezaji walianza kuzunguka meza kwa upande wa kushoto tu. Walisema upande wa kulia kuna upepo. Ukumbi wangu hauna dirisha upande huo.

"Kocha," Patron aliniambia, akipaka chaki fimbo yake, "mimi ninacheza na wewe Jumamosi, ao ninacheza na batu wawili?"

"Hata tukiwa watatu, Patron, hutapata kitu."

"Sawa. Lakini huyo wa pili, mwambie asiniangalie vile."

"Nani anakuangalia?"

Akatazama kiti cha shangazi, kisha hewa iliyokuwa kando ya kiti, akarudi kwenye chaki yake. "Tuendelee tu," akasema.

Nilipata dawa siku chache kabla ya mechi, na niliipata kwa akili yangu mwenyewe. Niliiangalia video polepole, nikaacha kutazama kifundo, nikatazama vidole. Kifundo hakijigeuzi. Kinageuzwa na vidole viwili vya mwisho, kidole kidogo na jirani yake, vinapoibana fimbo kwenye kiganja mwishoni mwa pigo, kama vinavyobana mti wa kafi. Vidole vya mbele havina hatia. Basi nikaiacha fimbo ikae juu ya kidole cha shahada na cha kati, gumba likielekea chini, na vile viwili vya mwisho nikavifungua kabisa, vikaning'inia kama nguo kwenye kamba. Nikaingiza fimbo ndani ya chupa. Kimya. Nikarudia mpaka kivuli cha mlango kikahama sakafuni. Kimya. Kiganja kilikuwa na joto.

Nilipiga kelele ya furaha nikiwa peke yangu. Halafu nikamwona shangazi mlangoni na kapu lake.

"Umemutoa," akasema.

"Nimenyoosha mushiko, Tantine. Ni mambo ya vidole."

"Mutie tena."

Nikafunga vile vidole viwili kwenye fimbo na kupiga. Chupa ikalia. Uso wa shangazi ukalegea kama wa mtu aliyesikia mlango ukigongwa na mgeni aliyemkatia tamaa.

Akakaa. Alizungumza nami kirefu kwa mara ya kwanza tangu ile siku ya video. "Mimi ni muzee sasa. Sura yake imenitoka. Nikifunga macho, ninaona shati tu, mutu hapana. Sauti pia imeenda. Inabakia ile mukono tu. Usiinyooshe, papa." Aliniita papa kama wakubwa wetu wanavyoita watoto wao wa kiume wanapowabembeleza.

"Nisipoinyoosha nitashindwa, Tantine. Yule wa chumvi atapeleka batu bangu Kinshasa."

"Kinshasa iko na nini?"

Nilikuwa na jibu langu. Mtu anayefagia korido akiwa na njaa ili apate kitu cha kuweka ukutani hawezi kusimama mbele ya jiji zima akapiga mpira kwa jirani na kusema ni marehemu. Lakini sikuweza kumwambia hivyo mwanamke aliyeniosha. Nikasema nitaona. Akajua maana yake, akachukua kapu.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka barabarani, isipokuwa upande wa kulia wa meza, ambako alikaa shangazi peke yake kwenye kiti chake, amevaa kitambaa cha kwendea misa. Nilicheza mwanzo kwa mshiko wa zamani. Naweza kusema nilifanya hivyo kwa ajili yake. Kila pigo lilipotea kidogo mwishoni, nami nilijaribu kulenga kando ili upotovu uniletee sawa. Niliweza, kwa sababu mimi ni fundi, lakini Patron alipima chumvi yake bila haraka, na kila nilipokosa alijisafishia njia. Shangazi alinong'ona mfululizo. Watu waliokuwa karibu waliacha kuongea ili wasimkatize.

Mwisho ukabaki mpira mweusi peke yake. Atakayeuingiza ndiye mshindi. Patron alijaribu, ukagonga mdomo wa shimo na kurudi, ukasimama kando ya ukingo, mahali pagumu. Pigo lile halikubali kosa hata la upana wa ukucha.

Niliinama. Kiganja kilikuwa baridi kama jiwe la chini ya mto. Nikasikia maji. Sisemi nilisikia kitu kinachofanana na maji. Nilisikia maji yakipasuliwa na ubao wa mtumbwi, taratibu, karibu sana, na shangazi akasema, "Yaya, unafika saa ngapi?"

Nikavifungua vidole viwili vya mwisho.

Havikufunguka kwa urahisi. Vilikuwa vimeshikwa na kitu kisicho na nguvu nyingi, kama mtoto anavyokushika anapolala. Nilivivuta kimoja kimoja kutoka kwenye fimbo. Sauti ya maji ikakatika. Mkono ukaning'inia kutoka kiwikoni, mtupu, wenye joto, nikapiga. Mpira mweusi uliingia shimoni bila kugusa popote.

Watu waliruka. Walinibeba. Mimi ndiye niliyeshinda, na hata leo hakuna pigo lililopigwa katika jiji hili linalofanana na lile. Waliponishusha, Patron alikuja kunipa mkono kama mwanamume. Alinishika na kukawia.

"Mukono yako iko baridi sana, Kocha," akasema.

"Iko moto, Patron. Ni yako."

Akatazama kiganja chake, akakifuta kwenye suruali. Kiti cha shangazi kilikuwa kitupu.

Hakuja siku iliyofuata, wala iliyofuata. Nilijaribu kumrudisha baba kwa ajili yake: nilifunga vidole, nikageuza kifundo kwa makusudi, nikachelewa kidogo, nikajipiga video nzuri na kuvuka nayo hadi Lubunga. Shangazi aliitazama kwa adabu huku akiparua samaki. "Huyo ni wewe," akasema, akanirudishia simu. Ile video ya kwanza nilimwonyesha pia. Akasema huyo naye ni mimi. Nikaitazama vizuri, na sikuweza kumbishia.

Samaki nao hawakuja tena. Nilivuka tena, nikaambiwa kila siku asubuhi yeye huvuka kwenda jijini. Kwangu hakuwa akifika.

Patron ndiye aliyenitafuta. Alisimama mlangoni mwa ukumbi bila kuingia, amekonda kidogo usoni.

"Kocha, iko jambo. Fimbo yangu inapotea. Si mwanzo. Mwisho." Akanionyesha kwa mkono mtupu. Aliusukuma mbele, ukafika, ukachelewa kidogo, ukageuka nje, taratibu. "Mimi ni mutu wa Butembo. Kafi sijashika hata siku moja, mtumbwi ninaogopa. Nani alinifundisha hii?"

"Ilianza lini?"

"Tangu ulinipa mukono. Na si kwa fimbo tu. Kuja uone."

Nikamfuata hadi dukani kwake. Shangazi alikuwa amekaa juu ya gunia la chumvi, mbele ya meza ya kupimia, mikono mapajani, amevaa kile kitambaa cha misa. Hakugeuka.

"Mama huyu anakuja kila siku," Patron aliniambia chini chini. "Hanunui, haombi. Nikimuuliza, anasema nimuache aangalie. Mimi ni mukristu, siwezi kumufukuza. Lakini anaongea na mukono yangu, Kocha. Na juzi, Mungu anisamehe, nilitaka kumujibu."

Mteja akaomba mchele. Patron akachota kwa kopo, akamimina kwenye mfuko, na kopo lilipokuwa tupu kifundo chake kikageuka nje, bila punje kuanguka.

"Mm," akasema shangazi.

"Wewe iko na dawa," Patron akaniambia. "Ulijiponya mbele ya batu bote. Nifundishe. Nisaidie, njo na mimi nitakuwa wako Kinshasa, nitabeba hata fimbo zako."

Dawa ninayo. Ni vidole viwili, ni kazi ya dakika moja, na mimi ni mwalimu. Sijawahi kumnyima mtu somo. Nilimshika mkono ili nimwonyeshe. Ulikuwa umelowa na baridi. Chini ya harufu ya chumvi na magunia nilinusa ukingo wa mto, na vidole vyake viwili vya mwisho vikafunga polepole juu ya vyangu.

Nikauachia.

"Ni mushiko, Patron," nikasema. "Iko na kazi mingi. Nitakufundisha nikitoka Kinshasa."

"Na kwa sasa?"

"Kwa sasa pima hivyo hivyo."

Mteja mwingine aliingia, akaomba chumvi. Patron akanitazama, akashika kopo. Shangazi akasogea upande mmoja wa gunia ili nipate pa kukaa, nami nikakaa kuuangalia ule mkono.